Bei ya petroli ikipanda, Mfuko wa Barabara haunenepi

Kila EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta Tanzania, ikitangaza bei mpya, vijiwe vya Tanga huwaka: "Serikali inavuna hela za barabara!" Hapana. Tozo ya barabara kwenye petroli na dizeli, inayoingia Mfuko wa Barabara, ni shilingi zilizopangwa kisheria kwa kila lita, si asilimia ya bei. Bodaboda wa Ngamiani akijaza lita mbili, mfuko unapata kiasi kilekile, bei iwe juu au chini. Mafuta yakiwa ghali akaishia lita moja, mfuko umekosa nusu.

Tena fedha hizo kwa sehemu kubwa ni za matengenezo: kuziba mashimo, kuzibua mitaro. Ujenzi ni habari nyingine. Barabara ya Bagamoyo–Pangani–Tanga imehitaji bajeti ya serikali na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.