Umekosea kazini, usiku mzima unajisema: maswali na majibu

Swali: Nina miaka 26, kazi nimeanza juzi juzi tu. Nikikosea kidogo silali, najisema mpaka kunakucha. Naumwa?

Jibu: Pole sana. Si lazima iwe ugonjwa, ila inaumiza kweli. Tuseme umetuma ripoti, saa 4 usiku ndo unagundua tarakimu moja umekosea, moyo unaenda mbio, tumbo linasokota, na kichwani kuna sauti inasema we mjinga, watakufukuza. Mwili unaichukulia ile sauti kama hatari ya kweli, ndo maana usingizi unakata. Kosa lenyewe kulirekebisha ni dakika 2, matusi unayojitukana ndo yanakula usiku wote.

Swali: Nasikia watu wanasema ujihurumie. Si kudeka huko?

Jibu: Hapana, na hapa wengi tunapotea. Kristin Neff, mtafiti wa Marekani, mwaka 2003 alieleza kwamba kujihurumia ni mambo matatu: kujisemesha kwa upole, kukumbuka kwamba kukosea ni kwa binadamu wote, na kuyaona maumivu yako yalivyo bila kuyakuza wala kuyafukia. Rafiki yako angekupigia saa 4 hiyo analia kwa kosa hilohilo ungemwita mjinga? Ungemwambia tulia, asubuhi tuma iliyosahihishwa. Basi jiambie na wewe hivohivo. Na wala hauwi mvivu, mwaka 2012 watafiti Breines na Chen waliona wanafunzi waliofeli mtihani mgumu, wale walioelekezwa wajihurumie ndo walisoma muda mrefu zaidi kujiandaa na mtihani wa pili.

Swali: Na wazo likigoma kuondoka?

Jibu: Usipigane nalo, ukilisukuma linarudi na nguvu. Badala ya "sifai" sema "kuna wazo linaniambia sifai", unaona kitu kidogo ila unapata pa kupumulia, afu asubuhi unatuma ile ripoti mikono ikitetemeka na itetemeke. Wanasaikolojia wanaita kunyumbulika kiakili, yani hofu ipo na bado unafanya lile la maana kwako.

Swali: Kama shida ni bosi?

Jibu: Basi usijilaumu wewe. Kujihurumia si kuvumilia kazi inayokuumiza, saa zingine ni kukataa kazi za usiku au kutafuta pengine.

Swali: Lini nimwone mtaalamu?

Jibu: Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu ikifika wiki 2, nenda. Ukianza kuwaza kufa usingoje hata siku moja, leo hii mwambie mtu unayemwamini akae na wewe, na muende hospitali pamoja.