"Nikitoka na kurudi, mwaka unaanza upya": uongo unaowaponza waomba hifadhi Kanada

Wiki haipiti bila mtu kuketi mbele yangu na kunihakikishia kwamba atavuka hadi Buffalo, mji wa Marekani ulio mpakani, anywe kahawa, arudi Kanada, na ule mwaka mmoja wa kuomba hifadhi uanze kuhesabiwa upya. Kaambiwa na nani? Binamu, kikundi cha WhatsApp, jamaa fulani wa TikTok. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja.

Juni 3, 2025 serikali ya Kanada iliwasilisha Bungeni muswada C-2 wa usalama wa mipaka. Ukapigiwa kelele, hasa kwa vifungu vya polisi kupata taarifa za watu na barua kufunguliwa posta. Oktoba 8 serikali ikachomoa baadhi ya sehemu, zikiwemo za waomba hifadhi, ikaziweka kwenye muswada mwingine, C-12.

Kifungu chenyewe cha huo mwaka mmoja kinasema hivi: aliyeingia Kanada baada ya Juni 24, 2020, kisha akaomba hifadhi zaidi ya mwaka mmoja tangu aingie, kesi yake haipelekwi Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, IRB, inayosikiliza maombi ya hifadhi. Kama umeingia zaidi ya mara moja, mwaka unahesabiwa tangu ulipoingia mara ya kwanza baada ya tarehe hiyo. Mara ya kwanza, jamani.

Tuifungue pasipoti mezani. Mhuri wa Agosti 2022: alikuja harusi ya dada yake, akakaa wiki tatu, akarudi Nairobi. Mhuri wa Septemba 2024: amekuja kusoma. Yeye anahesabu tangu 2024. Kifungu kinahesabu tangu 2022, maana yake mwaka wake uliisha Agosti 2023 akiwa kwao, hata wazo la kuomba hifadhi hajalipata. Safari ya Buffalo haimwongezei hata siku moja. Inachoweza kumwongezea ni maswali ya afisa wa mpakani wakati wa kurudi, na kama viza yake imekwisha, huenda asirudi kabisa.

"Lakini mimi nina kibali cha masomo." Hata wewe. Mwanafunzi, mgeni, mfanyakazi wa muda, wote wamo.

Kulikuwa na hili jingine, pacha wake, C-12 ilipokuwa bado Bungeni: "Muswada bado haujapita, tusubiri tuone." Vifungu hivi vimeandikwa virudi nyuma, vikamate maombi yaliyowasilishwa tangu Juni 3, 2025. Anayengoja ndiye anayeumaliza mwaka wake kwa mikono yake.

Mimi si mtetezi wa kifungu hiki. Fikiria kijana wa Goma aliyekuja kusoma 2023 bila hofu yoyote. Waasi wa M23 wakauteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025. Hofu yake imezaliwa mwaka ukiwa umeshapita. Alipaswa kuomba hifadhi dhidi ya vita gani? Lakini kukichukia kifungu hakukiondoi, na mawakala wanaouza "mbinu" za kukikwepa hawaji kukaa nawe kwenye mahojiano.

Ushauri wangu ni uleule ninaourudia mpaka wateja wananicheka: kabla hujaja kwa mwanasheria au mshauri mwenye leseni, andika tarehe zote za kuingia na kutoka. Kama huzikumbuki, omba rekodi zako za safari kutoka CBSA, wale wa mpakani. Usikisie. Tarehe uliyokisia ikigongana na iliyo kwenye kompyuta yao, unaanza kesi ukionekana mwongo.

Wengine wanakimbilia upande wa pili: ukishapitisha mwaka, kesho unapandishwa ndege. Si hivyo. Unabaki na tathmini ya hatari kabla ya kuondolewa nchini, PRRA, na ukikubaliwa huko unapata ulinzi. Tofauti ni kwamba anayeamua ni afisa wa uhamiaji badala ya mjumbe huru wa IRB, na kihistoria waliokubaliwa kwa njia hiyo ni wachache. Kwa hiyo ushahidi ukusanywe mapema, usingoje barua.

Uongo mwingine ni wa siku 14. Tangu Machi 25, 2023, anayevuka mpaka wa nchi kavu kutoka Marekani nje ya vituo rasmi akaomba hifadhi ndani ya siku 14 hurudishwa Marekani, isipokuwa ana sababu inayokubalika, kama kuwa na ndugu wa karibu Kanada. Wasafirishaji haramu wakageuza hilo kuwa bidhaa: jifiche wiki mbili, ya tatu uko salama. C-12 inauziba mwanya huo pia. Ukipita siku 14, huendi IRB. Unabaki na PRRA tu.

"Muswada wote ni wa kuwaandama wakimbizi." Hapana. Umo pia udhibiti wa haraka wa kemikali za kutengenezea fentanili, dawa ya kulevya inayoua, na wenye maghala ya bidhaa za kusafirishwa nje watatakiwa kuwafungulia CBSA, sababu kubwa ikiwa magari ya wizi yanayopakiwa kwenye makontena. Unayemtumia kaka yako gari nyumbani, tunza karatasi za umiliki.

Na fedha taslimu. Kuvuka mpaka na dola 10,000 au zaidi hakujakatazwa. Kutozitangaza ndilo kosa, na lilikuwa kosa kabla ya miswada hii. Kilichomo C-2, na hakikuhamia C-12, ni kuzuia biashara na mashirika ya hisani kupokea taslimu za kiasi hicho kwa mkupuo. Hapo wa kukaa macho ni mweka hazina wa harambee.