Pochi nyembamba: kwa nini siku hizi nakunja ukingo badala ya kuupaka rangi

Mteja alinirudishia pochi ya kadi niliyomuuzia miezi michache nyuma. Mshono ulikuwa mzima na uso wa ngozi bado mzuri, lakini rangi ya ukingo ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu. Nilimshonea nyingine bure. Iliniuma sana, maana ile rangi niliipaka kwa uangalifu, tabaka tatu.

Tatizo lilianzia kwenye ngozi. Ngozi ya mbuzi ya krome, yaani iliyolainishwa kwa chumvi za kromiamu, yenye unene wa milimita moja au pungufu ni laini mno, inapinda kila unapofungua pochi, na rangi ngumu iliyokaa juu ya ukingo mwembamba hivyo haiwezi kuifuata. Kuisugua kwa nta nako hakusaidii: nyuzi zake hulala kwa muda, kisha husimama tena. Ukingo wa kusugua ni wa ngozi iliyolainishwa kwa magome, kama yale ya miwati ya Njombe. Hiyo unailowesha kidogo tu, unaisugua kwa kijiti kigumu, nao ukingo unashikana na kung'aa wenyewe. Kama hujui ulichouziwa, choma kipande kidogo: majivu ya krome huwa na ukijani, ya magome huwa ya kijivu au meusi.

Kwa hiyo mbuzi wa krome namkunja. Naacha milimita 8 za ziada pembeni, nageuza ngozi, nanyoa upande wa nyama hadi ukingo ubaki karibu nusu milimita. Kisu kiwe kikali kiasi cha kuweza kunyolea ndevu. Kikiwa butu kitavuta ngozi, kitaikunja mbele yake, na hatimaye kitaitoboa palepale ambapo mkunjo unatakiwa kukaa. Kisha gundi nyembamba pande zote, isubiri isiwe inanata kidoleni, kunja, gonga kwa nyundo taratibu.

Kwenye kona ya mviringo ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kote. Ngozi ya ziada haina pa kwenda, ukiilazimisha inafanya nundu. Naibana kwa ncha ya msharasi, kile chuma chembamba cha kutobolea ngozi: rinda moja dogo, nalilaza, linalofuata, nalilaza, marinda matano hadi saba kwa kona moja, yote yakielekea katikati. Yakishashika nakata vilele vyake kwa upande wa ndani na kugonga. Mbele huonekana duara safi lisilo na pembe. Fundi mwenzangu akinionyesha kazi yake, macho yangu huenda hapo kwanza.

Kushona nashona kwa sindano mbili, uzi mmoja, kila tundu likipitiwa na ncha zote mbili. Mshono wa cherehani nyuzi zake hushikana katikati ya ngozi, na ukikatika sehemu moja huanza kufumuka. Huu wa mkono, upande mmoja ukilika, wa pili bado umeshika. Matundu yawe milimita 3 kutoka moja hadi jingine, uzi wa nusu milimita, urefu wake mara nne ya mshono. Vuta hadi uzi ukae, basi. Ukiona ngozi imejikunyata kati ya matundu, umevuta kupita kiasi: legeza sasa hivi, haitanyooka yenyewe baadaye. Mwishoni rudi matundu mawili au matatu. Uzi wa poliesta kata ubakize milimita moja na uyeyushe kwa kiberiti cha gesi. Wa kitani usiuchome, utaungua tu, tia tone la gundi.

Mifuko ya ndani usiikunje pande zote, pochi itanenepa. Kunja mdomo peke yake, na mwili wa mfuko ukate kwa umbo la herufi T ili pembeni yabaki masikio mafupi tu yanayoingia kwenye mshono. Mfuko wa chini kabisa ndio pekee ninaouacha na upana wake wote.