"Skuta wangu hataki kula!" Yanayosemwa kuhusu chakula hai na ukweli wenyewe

Mgeni yeyote akija kwangu Mombasa akaliona tangi la maji chumvi, swali lake huwa samaki kauzwa pesa ngapi. Hakuna anayeuliza zile chupa za soda zilizopinduliwa dirishani jikoni ni za nini, isipokuwa mama watoto, na yeye ameuliza sana. Zile ndio shamba lenyewe la chakula hai. Nafuga skuta, samaki mdogo wa baharini anayekula vijidudu hai, na skuta bila shamba ni maiti inayotembea. Kila wiki nasikia ushauri ule ule wa uongo, nikaona leo niandike.

"Skuta ni bleni, na bleni hula chochote."

Jina la dukani hilo. Skuta si bleni kabisa (bleni ni samaki wa jamii nyingine), ni dragoneti, Synchiropus stellatus, jamaa wa karibu wa yule mandarini wa rangi rangi wa Pasifiki, ila huyu wetu anapatikana Bahari ya Hindi mpaka pwani hii ya kwetu. Keti umtazame dakika kumi tu: anasimama, anakodoa jicho kwenye jiwe, anadonoa kitu ambacho wewe hukioni, anasogea kidogo, anadonoa tena, na hiyo ndio kazi yake kutwa nzima. Chakula chake ni kopepodi, vijidudu vidogo mno jamaa wa kamba, na vingine vya kiasi hicho. Ukimtupia peleti, zile punje kavu za dukani, mbele ya pua ataiangalia kama unavyoangalia kokoto.

"Mwache na njaa siku tatu, atakula mwenyewe."

Hii imeua wengi. Atakonda mpaka afe na peleti zimelala pembeni yake. Angalia tumbo na mgongo nyuma ya kichwa, ukiona pamebonyea jua umechelewa. Wapo wanaojifunza kula artemia (kamba wadogo sana wa maji chumvi) za friza, nakubali, lakini hufundishwa wakiwa wameshiba, unachanganya hai na za friza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

"Nunua chupa moja ya kopepodi, mwaga tangini, zitazaana."

Zitazaana, lakini kopepodi mmoja anahitaji wiki moja hivi hadi mbili mpaka awe mzazi, na skuta anahitaji sekunde moja kumla, sasa fanya hesabu wewe. Kwenye tangi dogo lenye mawe mawili matatu anafagia zote halafu anabaki anadonoa jiwe tupu, na mwenyewe unadhani "anakula" kwa sababu unamwona anadonoa! Zifuge pembeni. Mimi nina ndoo mbili za lita kumi (mbili, kwa sababu moja lazima siku itakufa), hewa inaingia taratibu, maputo makubwa ya kuhesabika, si ya kuchemka. Mbegu nilipata kwa kukamua sponji ya filta ya tangi la zamani la rafiki yangu. Nazilisha fitoplanktoni, yaani mwani mdogo mno unaoelea majini, mpaka maji yawe kijani hafifu, nangoja yawe meupe, ndipo naongeza. Tangini namimina usiku taa zikiwa zimezimwa, pampu nazizima kama nusu saa, kwa mpira, chini kabisa kwenye mawe. Ukimwaga mchana juu juu umewalisha samaki wengine.

"Maji yakiwa ya kijani ni fitoplanktoni."

Sio kila kijani. Beseni lililosahauliwa nyuma ya nyumba pia ni kijani. Na hata mwani wenyewe unatofautiana: Nannochloropsis ni rahisi kufuga lakini DHA, ile omega-3 ambayo samaki wa baharini wanaihitaji sana, karibu haina. Isochrysis inayo. Mimi nachanganya.

"Tuna bahari hapo, chota ndoo tu."

Hapa mkosaji ni mimi. Nilichota maji bamvua imejaa, masafi yanang'aa, nikayatia moja kwa moja kwenye chupa ya mwani bila kuchuja wala kuyaua. Siku ya tatu mwani wangu wa kijani kibichi ulikuwa umegeuka kama maji ya kunawa. Nikachukua tone nikalimulika na lenzi: rotifa, vijidudu vinavyokula mwani, zinazunguka kama pia, zimekula kila kitu, na kwa ujinga nikatumia kichujio kile kile kwenye ndoo ya kopepodi nikaziambukiza nazo. Kwa hivyo chuja, tia jiki, acha usiku kucha, vunja klorini kwa thiosalfeti, ndipo utumie. Na usichote karibu na Tudor Creek, ule mkono wa bahari hapa Mombasa, yakhe, maji taka ya mji yanaishia huko.

"Artemia ni chakula kamili, ikianguliwa umemaliza."

Kuangua kwenyewe ni rahisi ajabu. Chupa ya lita mbili ikate kitako, ipindue, maji ya bahari uyapunguze makali kwa maji kidogo yasiyo na chumvi, mpira wa hewa ufike chini kabisa ili mayai yasitulie, taa juu, na kwa joto letu kesho yake saa kama hizi maji yamekuwa rangi ya machungwa. Mayai yenyewe yafungie friji kwenye kopo kavu, unyevu wa huku ukiingia yanaharibika. Zima hewa dakika kumi, weka tochi upande wa chini: watoto wanafuata mwanga, maganda yanaelea juu, mayai yasiyoanguliwa yanazama. Vuta lile wingu la machungwa peke yake, usitamani mpaka tone la mwisho, manake ganda halimeng'enyeki na linaweza kumziba samaki tumbo.

Ukamilifu sasa. Artemia akianguliwa anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho, na mdomo wake haujafanya kazi. Mpe samaki saa hizo za mwanzo. Baada ya saa nane hadi kumi na mbili anajivua gamba, kiini kimepungua, na kuanzia hapo anakuwa mfuko unaoogelea, ndani yake kuna ulichomlisha tu, ukimpa mwani wenye DHA kwa muda wa saa kumi na mbili samaki wako anakula DHA, usipompa kitu anakula maji. Watu wanaziweka siku tatu bila chakula halafu wanashangaa samaki anakula na anakonda. Artemia wa huko Marekani, wa San Francisco, walipandwa kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, miaka ya 1980, kwa hivyo ingawa ni mdudu wa kuletwa, huku kwetu ameshazoeleka.

"Itanuka nyumba nzima."

Ikiwa hai inanuka bahari tu. Ikinuka vibaya imekufa, mwaga. Yangu ilinuka mara moja, stima ilipotea usiku kucha na hewa ikakatika, na asubuhi hiyo sikungoja mama watoto aniambie.