Mayokini ni nini, na msuli unahusikaje na kinga ya mwili?

Mayokini ni protini ndogondogo ambazo msuli unazitengeneza na kuziachia kwenye damu ukiwa unafanya kazi. Ndo hivyo tu. Ila hapo kuna mambo, maana zamani msuli ulionekana ni wa kuvuta mifupa na kuchoma sukari basi, kumbe unatuma taarifa mpaka kwenye ini, kwenye mafuta ya tumboni na kwenye seli za kinga, yaani na wenyewe ni tezi.

Jina hilo lilitolewa 2003 na Bente Klarlund Pedersen na wenzake kule Copenhagen, Denmark. Huyu mama ni daktari wa magonjwa ya kuambukiza, wala hakuingilia kwenye mambo ya gym, alikuwa anaangalia seli za kinga zinafanyaje mtu akifanya mazoezi. Mwaka 2000 timu yake iliwaweka wanaume wanyooshe goti la mguu mmoja tena na tena kwa masaa 5, mguu wa pili umetulia, huku wanapima damu inayoingia na inayotoka mguuni. Protini inayoitwa interleukini-6, au IL-6, ikaonekana inatoka kwenye mguu ule unaofanya kazi.

Sasa hapa ndo watu wanachanganyikiwa, maana IL-6 hiyohiyo ukimpima mtu mwenye kitambi au kisukari aina ya 2 mara nyingi unaikuta iko juu, inakuwaje iwe nzuri huku na mbaya kule? Angalia inatoka wapi na inakaa muda gani. Ya kitambi ipo muda wote, kidogokidogo, tena iko na mwenzake TNF, protini nyingine ya kuwasha kinga, ambaye ndo anaisumbua insulini, na kinga inabaki inawaka chinichini kama jiko la mkaa lililosahauliwa wakati hata mdudu wa kupigana naye hayupo. Ya msuli inapanda sana kwenye zoezi refu, baada ya masaa kadhaa imeshashuka, na ikipita inaiamsha IL-10 ambayo kazi yake ni kutuliza, TNF inabanwa. Walilipima hilo kwa watu kabisa, wakawachoma sindano yenye sumu ya bakteria, waliokaa tu TNF ikapanda, walioendesha baiskeli masaa 2 na nusu kwanza haikupanda.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la 2019. Watu wenye vitambi waliendesha baiskeli wiki 12, wengine wakapewa dawa ya kuizuia IL-6, na hao mafuta ya ndani ya tumbo hayakupungua japo jasho walitoa vilevile.

Na kinyume chake ni haraka, vijana wazima walipopunguza hatua kutoka kama 10,000 kwa siku hadi chini ya 1,500, wiki 2 tu insulini yao ilishaanza kufanya kazi vibaya.

Ila msiuziwe mbuzi kwenye gunia. Sio kila mayokini imethibitika, mfano irisini iliyotangazwa 2012, watafiti wamebishana kwa miaka iwapo kwa binadamu ina kazi yoyote ya maana, huku mtandaoni vidonge vya "kuamsha irisini" vinauzwa kama karanga.