Ukarabati wa njia ya ndege usiku: kazi hupangwa kwa kuhesabu nyuma kutoka saa ya kuifungua njia

Njia kuu ya kurukia na kutua ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere ina urefu wa mita 3,000. Njia ya pili ni fupi mno kwa ndege kubwa za abiria. Kwa hiyo lami ya njia kuu inapochoka, ndege hizo hazina pengine pa kutua hapa Dar es Salaam, na namna ya kuikarabati bila kuusimamisha uwanja ni kufanya kazi usiku na kuirudisha njia ikiwa salama kila alfajiri.

Tuseme njia inafungwa saa 6 usiku, inafunguliwa saa 12 asubuhi, na kazi ni kuongeza tabaka la lami la sentimita 5. Kufagia, kuchora mstari wa katikati na ukaguzi wa mwisho vitengewe saa nzima. Kabla ya hapo lami mpya ipoe hadi chini ya nyuzi joto 60, la sivyo matairi ya ndege nzito yataibonyeza. Lori la mwisho basi linapaswa kumwaga mzigo kabla ya saa 10. Ukiondoa muda wa kuweka alama za X za kufunga njia na kuingiza mitambo, zinabaki kama saa tatu za kutandaza. Mtambo wa kuchanganya lami unaotoa tani 120 kwa saa utafikisha tani 324, sawa na malori 17 ya tani 20. Hizo zinatosha mita 60 tu za urefu kwa upana wa mita 45. Njia nzima inahitaji usiku 50, mvua haijahesabiwa.

Mita 60 zinaonekana haba, na hapo ndipo shinikizo la ratiba huleta madhara. Lami hutandazwa ikiwa na nyuzi 150 hivi, na tabaka jembamba hupoa haraka, hasa upepo ukivuma. Rola zikichelewa, lami inakuwa imeshakaza na haishindiliki tena. Kwa macho itaonekana sawa, lakini baada ya miezi maungio yatafunguka na kokoto zitaanza kung'oka. Kokoto moja ikivutwa ndani ya injini inaweza kuharibu mapanga yake. Kwa hiyo kila lori lifunikwe turubai, na joto lipimwe kabla ya kumwaga; mzigo uliopoa urudishwe, hata kama usiku huo utaishia mita 40.

Gundi ya lami inayopuliziwa juu ya tabaka la zamani nayo haina njia ya mkato. Ikitoka kwenye bomba huwa ya kahawia, na hugeuka nyeusi maji yakishakauka. Ukitandaza ikiwa bado kahawia, tabaka jipya halishiki, na litateleza pale marubani wanapofunga breki kwa nguvu.

Kazi ya kila usiku huishia kwenye ngazi ya sentimita 5, ambayo ndege haiwezi kuvuka kwa kasi. Pale huwekwa mteremko wa muda. Kwa unene huo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) linataka uwe kati ya asilimia 0.5 na 1, yaani urefu wa mita 5 hadi 10. Usiku unaofuata mteremko hukatwa wote mpaka kwenye lami yenye unene kamili, ukingo ukabaki wima na safi, ndipo tabaka jipya liunganishwe. Wakiuacha na kutandaza juu yake, lami ya pale inakuwa nyembamba kama chapati na hubanduka mapema kuliko popote.

Kwa Dar es Salaam, kazi hii ianze masika yakishaisha, kuanzia Juni, na imalizike kabla ya vuli. Mvua ikianza katikati ya usiku, kutandaza kunasimama papo hapo, rola zinamalizia sehemu iliyokwisha kutandazwa, na muda uliobaki unatumika kujenga mteremko na kusafisha. Mtambo wa akiba wa kutandaza uwepo uwanjani muda wote, na fundi wake pia, kwa sababu mashine ikizima saa 9 usiku hakuna muda wa kutafuta nyingine mjini.

Abiria wa ndege za usiku wa manane wathibitishe saa za safari na shirika lao, maana ratiba huhamishwa kupisha kazi. Wakazi wa Kipawa na maeneo jirani watasikia rola zikitetema hadi alfajiri.