Nigeria: gavana wa ardhi, shirikisho la mafuta

Kijiji kikivamiwa usiku nchini Nigeria, wananchi humlilia gavana. Wamemchagua wenyewe na wamezoea kumwita mkuu wa usalama wa jimbo lao. Lakini gavana hana polisi. Nchi nzima ina jeshi moja la polisi, na mkuu wake huteuliwa na Rais. Kifungu cha 215 cha Katiba ya 1999 kinamruhusu gavana kumpa maelekezo kamishna wa polisi wa jimbo, ila kamishna anaweza kuomba suala lifikishwe kwanza kwa Rais huko Abuja, makao makuu ya shirikisho.

Msomaji wa Tanzania asichanganye jimbo la Nigeria na jimbo la uchaguzi. Haya ni majimbo 36 yenye gavana, bunge, mahakama na bajeti, mapana kwa madaraka kuliko kaunti za Kenya. Hata hivyo, Katiba inahesabu mambo ambayo majimbo hayaruhusiwi kuyagusa. Orodha ya mambo ya shirikisho pekee iliandikwa na mambo 68: ulinzi, sarafu, mambo ya nje, polisi, mafuta na madini. Ipo orodha ya pili, ya mambo ya pamoja, lakini huko nako sheria ya jimbo ikigongana na ya Bunge la Taifa, ya jimbo ndiyo inayobatilika. Kinachobaki nje ya orodha zote mbili ni cha majimbo.

Mfano wa Jimbo la Bayelsa, kwenye delta ya Mto Niger, unaeleza zaidi ya orodha yoyote. Ardhi ya jimbo imekabidhiwa gavana aisimamie kwa niaba ya wananchi, kwa sheria ya mwaka 1978. Mafuta yaliyo chini ya ardhi hiyohiyo ni mali ya shirikisho. Yakiuzwa, fedha huingia Akaunti ya Shirikisho, ambayo hugawanywa kwa serikali kuu, majimbo na mitaa, na majimbo yanayotoa mafuta hurudishiwa kwanza asilimia isiyopungua 13. Mvuvi ambaye mto wake umechafuliwa anaishi kwenye ardhi iliyo chini ya gavana, lakini leseni ya kisima cha mafuta imetoka Abuja.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katiba ya 1963 iliziachia kanda, yaani maeneo makubwa yaliyotangulia majimbo, nusu ya mrabaha wa madini yao. Kila kanda ilikuwa na katiba yake na zao lake: kwa mfano kakao Magharibi, karanga Kaskazini, mawese Mashariki. Januari 1966 wanajeshi wakapindua serikali, na Mei mwaka huohuo wakazifuta kanda kwa amri moja. Shirikisho lilirudishwa baada ya miezi michache, lakini tarehe 27 Mei 1967 kiongozi wa kijeshi Yakubu Gowon alizikata kanda nne kuwa majimbo 12, siku tatu kabla Kanda ya Mashariki haijatangaza kujitenga kwa jina la Biafra. Majimbo yakaongezwa hadi 36 mwaka 1996, kila mara kwa amri ya wanajeshi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mizani ilipolemea upande mmoja: jimbo dogo linalosubiri mgao wa kila mwezi haliwezi kubishana na Abuja kama ilivyobishana kanda yenye kakao yake.

Lagos ilijaribu. Ilianzisha serikali za mitaa mpya 37 juu ya 20 zilizotajwa kwenye Katiba, na mwaka 2004 Rais Obasanjo akazuia fedha za mitaa za jimbo hilo. Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikasema Rais hana mamlaka ya kuzizuia. Fedha zilizokuwa zimezuiliwa zilifunguliwa mwaka 2007, baada ya Rais mwingine kuingia madarakani.

Mambo yanabadilika, ingawa polepole. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2023, jimbo linaweza kutunga sheria ya kuzalisha na kusambaza umeme hata pale penye gridi ya taifa, awali lilizuiwa.

Tarehe 11 Julai 2024 waliobanwa walikuwa magavana. Kwa miaka mingi fedha za serikali za mitaa 774 zilipitia akaunti ya pamoja iliyo mikononi mwa majimbo, na nyingi hazikufika kwa wenyewe. Mahakama ya Juu iliamua kwamba gavana hana haki ya kuzishikilia, na kwamba zilipwe moja kwa moja kwa mitaa inayoongozwa na watu waliochaguliwa.